Paka Aliyesingiziwa Sukari

Kabla moto haujashika vizuri, Kwandu alikuwa ameshagombana na paka saba, na wa nane alikuwa amejikunja ndani ya sufuria ya uji kana kwamba amepangiwa humo na serikali.

"Toka, shetani we! Nani kakuambia hicho ni kitanda?"

Paka akafumbua jicho moja, akamtazama, akalifumba tena. Kwandu akaiinamisha sufuria mpaka mnyama akamwagika chini taratibu, kisha akaisugua kwa majivu, maana sabuni ilikuwa haijaonekana Kijiji cha Juhudi tangu mwezi wa tano. Ilikuwa Agosti ya mwaka sabini na tisa. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha, redio ilikuwa imesema hivyo, lakini mikanda tuliyoambiwa tuifunge ilikuwa bado imefungwa, na wengine walikuwa wameshaishiwa matundu. Akawamegea paka ugali wa muhogo uliolala, akaulowesha kwa maji yaliyochemshiwa dagaa. Dagaa wenyewe alikuwa amekula yeye jana. Paka walipata harufu, nao wakashukuru.

Paka hawa hawakuwa wake. Alilisema hilo kila siku, na ole wako umwambie "paka wako." Yeye alikuwa akiwatunza tu, wakingoja kwao. Mambo yalianza mwaka wa sabini na nne, wakati malori yalipozunguka vilima vyote vya upande wa Nyamigogo kukusanya watu na kuwapanga mstari mmoja kando ya barabara. Watu walibeba mawe ya kusagia, walibeba milango, walibeba mpaka nguzo za zizi. Paka hawakubebeka. Ukimtia kwenye lori anaruka, ukimfunga anakurarua, na dereva ana haraka. Kwandu, mjane aliyekuja kutoka Shinyanga na mume na ng'ombe kumi na wanane, akabaki bila mume wala ng'ombe, alirudi kwenye mahame wiki ya pili kuchuma majani ya maboga. Akawakuta paka wamekaa kwenye vizingiti vya nyumba zisizo na paa, kila mmoja kwenye kizingiti chake, wanasubiri wenyewe warudi. Alilia siku hiyo, hasemi uongo. Akarudi kijijini na paka watatu kwenye kapu na bila mboga.

Tangu hapo hakuacha. Aliwaleta, akawanenepesha kwa kadiri ya njaa yake, kisha akawatafutia nyumba.

Sasa, kumpatia mtu paka si jambo la kusema "haya, chukua." Pale Juhudi kila mtu anajua kwamba paka wa kupewa hakamati panya. Atakaa jikoni kama shemeji, akingoja kuandaliwa. Paka wa kazi ni yule aliyeibwa. Kwa hiyo anayetaka paka huja kwa Kwandu, huzungumza habari za mihogo, halafu kama kwa bahati tu hutaja siku atakayopita tena. Ikifika siku hiyo, Kwandu huacha mlango wazi na kwenda nyuma ya nyumba kutazama kitu ambacho hakipo. Mgeni huingia, humtia paka kapuni, hutoka mbio. Akishavuka mpaka wa shamba, Kwandu hutokeza na kupiga kelele mara moja tu, kwa adabu: "Jamani, paka wangu!" Kesho yake mwizi huleta bakuli la mtama na kudai ameliokota njiani. Kwa mtindo huo Kwandu alikuwa ameibiwa paka arobaini na mmoja kwa miaka mitano, na wezi wote aliwachagua mwenyewe. Mtu anayepiga wanyama mateke angefika akakuta mlango umefungwa kwa kamba tatu.

Aliyekosa mwizi ni huyo wa kwenye sufuria. Alishuka mwezi wa sita kutoka kwenye lori la jeshi lililokuwa likirudi kutoka vitani, dume jeusi, sikio moja zima na jingine nusu, akakaa katikati ya barabara akaanza kujilamba mbele ya kijiji kizima. Wakasema huyo ni askari wa nduli. Kazimili, kamanda wa mgambo, alimpekua kwa mujibu wa mafunzo, hata chini ya mkia, asikute hati yoyote. Kwandu akampa jina la Mateka na kumpeleka nyumbani. Alikamata panya wawili kila siku kabla ya chai, kama chai ingekuwapo! Lakini nani atakubali mateka wa vita alale jikoni kwake? Miezi miwili, hakuna mtu aliyemwiba.

Ndipo jana ya asubuhi hiyo ya sufuria akaja Mwanaisha, karani wa duka la kijiji. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyefungua duka kule mjini, likaja likafungwa ile operesheni ya maduka ilipopita, na kijiji kikamchukua binti kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kusoma mizani bila kubahatisha.

"Shikamoo, Bi Kwandu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu? Umekata vitunguu, au umekatwa wewe?"

Mwanaisha akakaa kwenye kinu kilicholala, akajifuta kwa pindo la kanga. "Mwezi wa tano sukari ilipungua kilo kumi na mbili. Wa sita, ishirini. Wa saba, ishirini na saba. Kila mara Katibu anaandika, imeliwa na panya. Sasa huko juu wamechoka na panya. Wameleta barua. Kesho saa nane anakuja mkaguzi, na akikuta duka halina paka, karani anapakiwa kwenye Land Rover, anakwenda kujieleza polisi."

"Karani ndiye nani?"

"Bi Kwandu, karani si ndiye mimi!"

"Ee Mungu wangu. Na hao panya umewaona?"

Mwanaisha akatazama nyuma, akashusha sauti. "Panya wa duka langu wana ufunguo. Wanafungua gunia kwa kisu, wakimaliza wanashona. Na wanashonea uzi wa kijani, Bi Kwandu. Mimi sina uzi wa kijani."

Funguo za stoo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Mwanaisha, wa pili alikuwa nao Katibu wa kijiji, na Katibu alikuwa akila sahani moja na Mwenyekiti. Kwandu hakuuliza zaidi. Alimtazama Mateka aliyekuwa akitafuna bawa la panzi kwa dharau, akasema, "Kesho saa mbili nitakuwa nyuma ya nyumba, natazama mihogo."

"Mihogo yako si ipo mbele?"

"Ndiyo maana nitachelewa kuiona."

Basi saa mbili ya siku hiyo ilipofika, Mwanaisha akaingia na kapu lenye kifuniko, akatoka na kapu lenye kifuniko linalonguruma. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Kosa lililofuata lilikuwa la Kwandu mwenyewe, na baadaye alilikiri. Alikuwa amefurahi mno. Miezi miwili bila mwizi, leo Mateka kapata nyumba, tena nyumba ya bati! Alipofika mbele ya nyumba, badala ya kupiga ile kelele moja ya adabu, akajaza kifua.

"Mwiziii! Mwizi jamani! Paka wanguuu!"

Kazimili alikuwa akipita na kipenga alichogawiwa wiki mbili zilizopita, kipya, ambacho hakijapata kazi. Akakipuliza. Alipokitoa mdomoni ndipo akakumbuka kwamba mama yake mzazi aliiba paka wawili kwenye mlango ule ule, lakini watu walikuwa wameshatoka mashambani mbio na majembe mabegani, na kamanda hawezi kuwaambia watu warudi, nilikuwa najaribu filimbi.

"Simama hapo hapo! Usitoloke!" akamfokea Mwanaisha, huku akimwomba radhi kwa macho. "Weka kapu chini. Kamanda wa mgambo ndiye anakwambia. Ukikimbia ni hatali."

"Kazimili, wewe si wanijua mimi?"

"Nakujua, dada. Ndiyo maana nakwambia pore pore."

Wakaenda ofisini, msafara mzima, kapu likiwa mbele.

Katibu Philbert alikuwa kijana wa Keza, huko Ngara, mwenye kidato cha nne na suti ya kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikawa inang'aa magotini. Alipoambiwa nani kakamatwa na kwa kosa gani, uso wake ulichanua, na Kwandu aliuona ukichanua. Kwa nini usichanue? Mkaguzi atafika, hatakuta paka dukani, na karani atakuwa ameshapatikana na wizi. Sukari yote iliyowahi kupotea, hata ile ya mwakani, ingepata mwenyewe.

"Karani wa duka," akasema polepole, akionja kila neno. "Wizi. Wa mifugo. Wakati wa vita."

"Vita si vimekwisha, Ndugu Katibu?" akauliza mtu nyuma.

"Kwenye mafaili havijakwisha." Akamgeukia Kwandu. "Mama, swali ni moja tu, sitaki hadithi. Uliibiwa, au ulimpa?"

Kwandu akapiga hesabu. Akisema alimpa, Mateka ameharibika, atakuwa shemeji mpaka kufa, na Mwanaisha atakuwa na paka wa pambo. Akisema aliibiwa, Mwanaisha ni mwizi mbele ya kijiji. Aliwatazama watu waliojaa mlangoni, akawatazama vizuri, mmoja mmoja, na moyo wake ukatulia.

"Niliibiwa," akasema.

Mwanaisha akashika kichwa. "Bi Kwandu!"

"Niliibiwa, ila sikuanza leo. Andika, Ndugu Katibu, una kalamu. Mama yake Kazimili kaniibia wawili. Yule pale mwenye kilemba chekundu, mmoja, mwenye mabaka. Mwalimu wa shule, mmoja, na akarudi kuiba mwingine wa kwanza alipoliwa na fisi. Na wewe Mwenyekiti, mzee wangu, usijifanye umesinzia. Mwaka wa sabini na tano ulikuja kuniibia umejifunika koti la mvua mpaka kichwani, na jua linawaka!"

Methusela, mwenyekiti wa kijiji, ambaye kweli alikuwa amesinzia, alizinduka akakuta watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Akacheka na yeye, kwa usalama.

"Kama ni kufunga, tufungeni wote," Kwandu akaendelea. "Shamba la kijiji atalima nani, sijui. Labda hao panya wenu."

Philbert akagonga meza. "Kimya! Hizo ni mila zilizopitwa na wakati! Mtuhumiwa atakaa hapa chini ya ulinzi mpaka mkaguzi afike. Na kielelezo kifungiwe mahali penye kufuli, kisichezewe na mtu. Kazimili!"

"Afande!"

"Chukua ufunguo wa mtuhumiwa. Tekeleza."

Halafu akainamia saraka kutafuta karatasi ya kaboni. Hapo ndipo elimu ilipomponza. Kijiji cha Juhudi kilikuwa na milango mia moja na sitini, na mlango wenye kufuli ulikuwa mmoja tu, wa stoo ya duka. Kila mtu mle ofisini alilijua hilo. Walimwona Kazimili akitoka na kapu, wakaona anashika njia gani, wakatazamana, wakatazama dari. Kwandu alifunga mdomo wake kwa nguvu, kazi ambayo hakuwa ameizoea.

Mkaguzi hakufika saa nane. Alifika saa tisa, akapitia kwanza kwa Mwenyekiti, na harufu ya kuku ikavuka barabara ikatukuta sote tumekaa juani tukisubiri mgao. Jina lake Gaspari, mtu mnene mwenye sauti ndogo, amebeba chupa ya chai na mkoba wa ngozi. Kijiji kizima kilikuwa kimeshajipanga foleni mbele ya duka kwa ajili ya robo kilo ya sukari, nyumba kwa nyumba, na vumbi la gari lake lilikuwa bado halijatua. Mvua ya mwisho watu waliikumbuka kwa shida.

Mwanaisha akaletwa kutoka ofisini, Kazimili akiwa nyuma yake kama mtu anayesindikiza maiti ya ndugu. Philbert akatoa ufunguo wake mfukoni, mkunjufu, akafungua stoo mwenyewe.

"Kama utakavyoona, Ndugu Mkaguzi, agizo la kuweka paka, karani hakulitek..."

Mateka alikuwa amelala juu ya gunia la sukari, mikono ameikunjia kifuani, na uso wa mnyama aliyekosa kazi tangu asubuhi. Mle ndani hapakuwa na panya. Hapakuwa na kinyesi cha panya, wala tundu la panya, wala unyoya wa panya.

"Paka yupo," akasema Gaspari, akatia alama kwenye karatasi yake.

Philbert alimtazama Kazimili. Kazimili alipiga saluti.

Nje foleni ikashangilia, na Mwanaisha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mapema mno, maskini. Maana mizani ilikuwa bado, na magunia yalipowekwa juu yake, moja lilikuwa zima na la pili lilikuwa limepungua kilo thelathini na nane. Mdomoni lilikuwa limeshonwa vizuri sana, kwa uzi wa kijani.

Gaspari hakuutazama uzi. Alifungua fomu, akashuka kwa kidole mpaka mahali palipoandikwa sababu ya upotevu, akangoja.

"Panya," akasema Philbert kwa mazoea.

"Panya nimekatazwa. Nipe kitu kingine."

Katibu akatazama juu, akatazama chini, kisha macho yake yakatua juu ya gunia. Kwandu, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, aliona lile wazo likimwingia kama mtu anavyoona nyoka akiingia nyumba ya jirani.

"Paka, Ndugu Mkaguzi."

"Paka?"

"Amekuwa humo tangu saa nne. Peke yake. Amefungiwa kwa ufunguo wa karani, na huyo paka kaletwa na karani, tena kwa kumwiba. Ushahidi wote upo."

Gaspari alifikiri kwa muda ambao mtu hufikiria achukue paja au kidari. Halafu akaandika, kwa mwandiko mzuri wa kulala: *Kilo 38 zimeliwa na paka.*

"Basi aliyemwingiza awajibike. Apakiwe."

"Nina watoto watatu, Ndugu Mkaguzi," akasema Mwanaisha. Hakupiga kelele. Aliisema kama mtu anayesoma mizani. "Wamebaki na jirani, hawajala tangu asubuhi." Kazimili akafungua mlango wa Land Rover, akaufunga, akaufungua tena, na machozi yalikuwa yakimtoka kamanda mzima hadharani.

Kwandu alisikia kifua kinawaka moto. Miaka mitano aliwahi kuona mengi, aliona nyumba ikibomolewa na mwenyewe akiambiwa ashangilie, na hakusema kitu. Lakini hili? Hili lilikuwa limezidi! Akatoka kwenye foleni, akawapita wawili wa mbele, akafika kaunta.

"Ndugu Mkaguzi, shikamoo. Mimi ndiye niliyeibiwa. Robo yangu ya leo naomba nipimiwe sasa hivi."

"Mama, tuna kazi."

"Na mimi nina haki. Robo."

Gaspari, ili amwondoe, akaashiria apimiwe. Mwanaisha akaipima, ikamiminwa kwenye kipande cha gazeti. Kwandu akakifungua kile kipande juu ya kaunta, akaitandaza sukari yote mpaka ya mwisho. Wanawake waliokuwa nyuma wakavuta pumzi. Robo nzima! Ya mwezi mzima! Akaingia stoo, akamchukua Mateka kwapani, akamweka mbele ya ile sukari.

"Haya. Kula. Uliyozoea."

Mateka akanusa upande huu. Akanusa upande ule. Akapiga chafya, sukari ikarukia mkono wa mkaguzi. Kisha akageuka, akapanda juu ya mkoba wa ngozi, akakaa na kuwapa wote mgongo.

"Mmeona?" Kwandu akasema. "Hataki! Kutoka saa nne kala kilo thelathini na nane, sasa hataki hata kulamba?"

Gaspari akajipangusa mkono. "Huyu ameshashiba," akasema, na kunyanyua kalamu.

Ebo! Kuna maneno mtu akikuambia hutafuti jibu, unatafuta jiwe. Lakini mwanamke mwenye kilemba chekundu hakutafuta jiwe. Alimwambia wa nyuma yake amshikie nafasi, akakimbia nyumbani. Akarudi na paka wa mabaka kwenye kanga.

"Wangu hajashiba," akasema, akihema. "Tangu jana hajatia kitu tumboni, kama mimi. Mjaribuni huyu."

Paka wa mabaka akanusa, akatikisa kichwa, akaruka chini.

Mama yake Kazimili akawa ameshafika na wake wawili, mmoja kila mkono. Mwalimu akatuma wake. Foleni ya sukari ikavunjika na ikaundika upya, safari hii kila mtu na paka, wengine kwenye makapu, wengine kwenye ndoo, mmoja kwenye kofia ya jua. Paka wakalia, wakapigana, mmoja akamkwaruza Philbert kwenye ile suti. Kwandu alisimama kando ya kaunta akiwapokea. "Anayefuata!" anasema, kwa sauti ile ile ya ofisini. Anamweka paka, paka ananusa, anakataa, anaondolewa. "Anayefuata!" Wa tano, wa tisa, wa kumi na moja. Sukari ilibaki pale pale, imepata manyoya tu. Gaspari alikuwa akitazama saa, akitazama njia. Jina la Mwanaisha lilikuwa bado halijaandikwa kwenye fomu, na kalamu ilikuwa bado juu.

Wa kumi na mbili aliletwa na Suzana, mke wa Mwenyekiti, mwanamke mwema na mwepesi wa maneno, aliyekuwa amesikia Mwanaisha anaonewa akaacha vyombo vya wageni bila kuviosha. Alimweka paka wake mkubwa juu ya kaunta, mnene kuliko wote.

"Jamani mwacheni mtoto wa watu," akasema. "Paka hali sukari! Huyu wetu kila siku analala juu ya gunia la sukari pale chumbani, na hajawahi kulamba hata punje moja!"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti Methusela alikohoa, akakohoa tena, akaanza kutazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza amepewa. Suzana akapeleka mkono mdomoni, polepole. Philbert alikuwa ameshatoweka nyuma ya Land Rover. Watu wote mia mbili walimgeukia mkaguzi, na kwa mara ya kwanza tangu afike Gaspari alionekana mtu aliyekula kuku asiye wake.

Alishusha kalamu. Akakata neno *paka* kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa rula. Akafikiri. Akaandika juu yake, akasoma kwa sauti ndogo, haraka:

"Kilo thelathini na nane zimepotea kwa sababu ya unyevunyevu wa hewa."

"Wa nini?" akauliza mama yake Kazimili.

"Unyevunyevu. Hewa ikiwa na majimaji, sukari inayeyuka. Ni jambo la kitaalamu. Na kwa hewa hakuna wa kukamatwa. Karani arudi kazini."

Mwanaisha akaketi chini pale pale, na Kazimili akaufunga mlango wa gari kwa kishindo kabla mtu hajabadili mawazo. Kwandu alitazama nje. Mashamba yalikuwa yamepasuka nyufa za kutosha kupotelea mguu. Kope za watu zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Aliifikiria hiyo hewa, akitafuta ataikamata vipi aje kuiweka juu ya kaunta kama alivyowaweka paka, na hakuona njia. Hasira ilimrudi, lakini sasa haikuwa na mahali pa kushika.

"Nahitaji shahidi mmoja wa kijiji aweke dole gumba," akasema Gaspari, akimsukumia karatasi. "Wewe mama, si ndiye msemaji? Bila dole itabidi nirudie ile ya paka."

Kwandu alimtazama Mwanaisha pale sakafuni. Akamtazama Mateka, aliyekuwa bado kaukalia mkoba. Akanyoosha kidole. Mkaguzi akafungua pedi ya wino, akakigandamiza kidole humo, akakihamishia kwenye karatasi. Hakukutokea kitu. Akarudia. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Pedi imekauka," akasema Gaspari.

"Iweke nje kidogo, bwana mkubwa," akasema Kwandu. "Itapata unyevunyevu."

Kicheko kilianzia kaunta, kikashuka foleni nzima mpaka kule mwisho ambako hawakuwa wamesikia kilichosemwa, nao wakacheka vilevile, na paka wakaanza kutoroka kwenye ndoo. Kazimili alicheka mpaka kipenga kikalia chenyewe. Gaspari hakucheka. Aliungoja ule mcheko upungue, akaitemea ile pedi mate mara mbili, akakishika kidole cha Kwandu, na kukigandamiza kwenye karatasi.